Shamba la Namba Tasa

Custodia Pirachicán alikuwa akimimina supu ya maziwa na mayai kwenye bakuli alipoona nguzo za uzio zimerudi uani. Zilikuwa zimeegemea banda la kuku, zimejipangusa udongo, na seng'enge imejiviringa vizuri pembeni. Jana yake kaka zake, Baudilio na Anselmo, walizichimbia shambani ili kuligawa mafungu matatu, kama marehemu baba yao alivyoagiza. Haikuwa mara ya kwanza. Anselmo alisema angalau safari hii hazikukanyaga maharage, akaomba mkate.

Wakamwita mpima ardhi kutoka Tunja, mzee Teófilo. Alipima, akala, akapiga hesabu, akasema udongo hauna tatizo. Shamba lina mita za mraba 104,729, na hiyo ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa moja au kwa yenyewe. Mashamba ya mlimani yana kichwa kigumu, alisema, hayataki mabaki.

"Basi tufanyeje, mzee wangu?" aliuliza Custodia. Ndiye aliyemuuguza baba mpaka mwisho, na viazi vyote shambani alivipanda yeye. Fungu lake alilitaka kwa moyo wote.

"Mpeni Bikira Maria wa Karmeli, mlinzi wa madereva, mita mbili pale njiani, mumjengee kibanda. Zitakazobaki zinagawanyika kwa tatu, kila mtu mita 34,909. Hakuna nguzo itakayohama."

Mpango ukawapendeza wote. Jumapili kaka zake wakaenda kwenye mchezo wao wa kurusha vyuma kwenye baruti, wakanywa bia, wakajadiliana kati ya mlipuko na mlipuko. Walirudi wakicheka. Kibanda walikijenga wenyewe, wakakipaka rangi ya buluu, na madereva wa malori wakaanza kukipigia honi kwa heshima. Kilikuwa kizuri mno, ila kidogo. Custodia akakipima kwa kamba, akapata mita moja.

"Mmekosea," aliwaambia.

"Hatujakosea, mdogo wangu," alisema Baudilio. "Ukitoa moja, zinagawanyika kwa mbili. Muulize mzee."

"Na mimi je?"

"Wewe si una Bikira? Mita yake utaitunza wewe. Sisi maua tutayajulia wapi?"

Mzee Teófilo, macho kwenye kofia yake, alikiri kwamba hesabu imekaa sawa: mita 52,364 kwa kila ndugu. Alipoulizwa ndugu wangapi, alisema yeye ni mpima tu. Mchana ule ule nguzo zikachimbiwa, mstari mmoja, katikati ya viazi.

Asubuhi Custodia hakuwasha hata jiko. Alishuka moja kwa moja shambani, roho ikimuuma, akazitikisa nguzo moja baada ya nyingine kuanzia mtoni mpaka njiani. Hakuna hata moja iliyoyumba.