Bahasha Kati ya Taulo

Mama mkwe wangu, Tsonka, aliniwekea kikombe mbele ya wanawake wote. Ndani mlikuwa na maji ya kahawia, na humo kinaelea kitovu kilichokauka. Kitovu! Cha mume wangu Ognyan, kimetunzwa kwenye kopo la biskuti miaka thelathini na miwili. Ptuu!

"Kunywa, mwanangu. Mimba zitakaa."

"Mama, kinanuka."

"Nyoo! Mimba tatu zimekutoka, leo unachagua harufu?"

Wakacheka. Ilikuwa Siku ya Wakunga, sikukuu ya wanawake peke yao. Mwanamume akionekana anakamatwa. Kila aliyezaa humwagia maji mikononi Bibi Rada, mkunga wetu, akampa sabuni na taulo jipya. Mimi sijazaa, kwa hiyo kazi yangu ni kuosha vyombo. Basi nikanywa. Kinyaa kilinipanda hadi masikioni, lakini nilimtaka mtoto, na mwenye shida hachagui dawa.

Daktari wa mjini alikuwa amenipima hadi nikachoka. Kwanza alishuku kwamba kinga ya mwili wangu inampiga vita mtoto, nikachomwa sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda mpaka ngozi ikawa ya zambarau. Vipimo vikaonyesha kinga yangu haina neno. Ndipo akataka tupimwe vinasaba, mimi na mume wangu. Majibu yangu yakaja safi. Nilipomuuliza Ognyan ya kwake, alisema, "Safi pia." Kijijini kwetu, kosa likikosa mwenyewe hupewa mke.

"Milka, taulo la Bibi Rada liko kabatini kwangu, lete!" Tsonka akaagiza.

Kati ya mataulo nikagusa bahasha yenye muhuri wa hospitali na jina la Ognyan, imeshafunguliwa. Niliisoma nimesimama. Vipande vya kromosomu zake mbili vimebadilishana mahali. Yeye mwenyewe mzima, lakini mimba zake nyingi zitaharibika. Njooni kabla ya kubeba nyingine, daktari aliandika, ipo njia ya kupima mapema na kupata mtoto mzima.

Nikarudi mezani, nikaisoma yote kwa sauti.

"We mwali, mambo ya ndani hayaanikwi!" Tsonka akafoka. "Mwanamume hana kasoro. Hata mimi zilinitoka nne kabla yake. Nilimwambia nani?"

"Nne?" Bibi Rada akashangaa. "Tsonka, na ukamwacha huyu binti aitwe mgumba?"

Hapo mlango ukafunguliwa kwa vicheko. Wanawake wawili walimkuta Ognyan uani, wakamvua kofia na kumburuta ndani atozwe faini. Nikamwonyesha karatasi.

"Ulijua?"

Alimtazama mama yake kwanza. Mtu mzima, ndevu zote zile!

"Mama alisema tuiweke tu. Niliogopa utaniacha, Milka."

"Uliisoma lini?"

"Ilipofika."

Akataka kunishika mkono. Niliurudisha nyuma kama mtu aliyegusa panya aliyeoza. Barua ni ya tarehe nne Mei mwaka jana. Mimba ya tatu niliipata Julai, yeye ndiye aliyebembeleza tujaribu tena. Ilinitoka Septemba, sakafuni chooni, naye amepiga magoti kando yangu akinifuta jasho na kusema, "Pole, mke wangu. Mwili wako haujawa tayari tu."