Malkia wa Shangazi Mukarugwiza

Nilipoolewa kule Nengo, shangazi yangu Mukarugwiza hakuwa na ng'ombe wa kunipa. Alikuwa na chungu kimoja cha nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao asali yao tunaiita ubuhura. Kwa asali hiyo alikuwa akitibu kikohozi cha watoto wa mtaa wake, Mbugangari. Akaamua kuwagawa nyuki wake, nami nichukue nusu.

Siku ya kwanza niliporuhusiwa kutoka nje baada ya arusi, mimi na mume wangu Phocas tulikwenda kuwachukua. Shangazi alikuwa amepata sanduku la sabuni kwa Muhamadi, fundi cherehani jirani yake. Aliziba nyufa kwa nta, akahamishia humo nyuki wengi na masega ya watoto, bapa kama chapati. Ukingoni mwa sega moja palikuwa na kijumba kikubwa kuliko vingine. Ndani yake alilala malkia ambaye alikuwa bado hajatoka.

"Sanduku isilale," shangazi alimwambia Phocas. "Hawa watoto wanaelea juu ya chakula yao. Ukigeuza, chakula inawafunika, wanakufa. Unasikia, we mutu wa mutumbwi?"

"Nasikia, shangazi. Mi nabebaka samaki kila siku."

"Samaki imekwisha kufa. Hii bado."

Phocas alilibeba kichwani vizuri kabisa, akitangulia. Karibu na Nengo alikutana na Sebagabo, mwenzake wa mtumbwini, ambaye hakuwepo arusini. Kwetu huwezi kumsalimu mtu wa namna hiyo huku una mzigo kichwani. Unautua, unamkumbatia kwa mikono miwili, mnaulizana habari za nyumba nzima. Nilipowafikia, walikuwa bado wamekumbatiana, na sanduku lilikuwa limelala ubavu juu ya mawe.

Haukupita muda, nyuki wakaanza kutupa nje watoto waliokufa. Mama mkwe wangu, Mukamazimpaka, alikuwa akifagia uani.

"Donatha! Nzi yako inakufa."

"Si nzi, mama."

"Bon, iko kidogo kama nzi, inaruka kama nzi. Wengine wanaletaka ng'ombe!"

Alicheka tu, hakuwa na ubaya, lakini nilitamani ardhi inimeze. Nilifungua sanduku. Masega yalikuwa yamelowa na kunuka uchachu, na kile kijumba kikubwa kilikuwa kimebonyea. Nyuki wasio na malkia hawazai wengine; wangepungua mpaka sanduku libaki tupu. Na shangazi alikwisha kunipa nusu ya alichokuwa nacho. Ningemwendeaje tena?

"Mi nitasema," Phocas akaniambia. "Ni mi niliiweka chini."

Tukaenda pamoja. Lakini mbele ya shangazi Phocas aliangalia miguu yake. Ikabidi niseme mimi.

"Shangazi, malkia amekufa. Sanduku lililala."

Hakunikaripia. Alimgeukia Phocas.

"Mulisalimia nani?"

"Sebagabo."

"Ah, huyo! Huyo anakumbatia mutu mpaka mbavu inalia."

Akanawa mikono, akafungua chungu chake. Alitafuta taratibu, akipuliza nyuki kwa pumzi. Kijumba cha malkia kilikuwepo kimoja tu, kichanga bado.

"Huyu atakawia. Nyuki zako zitazeeka kabla hajatoka."

Nikaona basi, yamekwisha. Kumbe vidole vyake vilikuwa bado vinatafuta. Akamtoa malkia mwenyewe, yule mzee, tumbo kubwa, asiyeweza tena kuruka. Akamweka katika kiberiti kitupu pamoja na nyuki wachache, akanipa mkononi.

"Shangazi, huyu ni wako!"

"Wangu ni huyu analala. Nitamungoja."

"Na asipotoka?"

"Nitakuja kwako na chungu, utanigawia."

Nilitembea mpaka Nengo nikisikia miguu yao ikikwaruza ndani ya kiberiti. Nyuki wangu walimpokea kama mtu wa nyumbani, maana ni yeye aliyewazaa. Wakajenga vijumba vipya. Nilifurahi, lakini usingizi wangu haukuwa mzuri, kwa sababu furaha hiyo ilikuwa imetoka ndani ya chungu cha mtu mwingine. Kila nilipokwenda sokoni nilipitia kwa shangazi. Nilitazama mlango wa chungu, nikaona nyuki wakizidi kupungua, nikaondoka bila kuuliza.

Mvua zilipokuwa karibu kwisha, aliniita kabla sijafika uani.

"Njoo, piga magoti hapa. Polepole."

Alikuwa amefunua chungu. Juu ya sega la mwisho alikuwa akitembea malkia mwembamba, mwepesi, na nyuki wakimpisha njia. Pembeni yake vijumba vipya vilikuwa vimeanza kujengwa, vingine vimekwisha kuzibwa juu ya mayai yake.

"Unaona? Juzi alikuwa musichana. Leo iko mama."

Maneno mengi yalinijia, na lililotoka lilikuwa asante tu. Nikalisema tena, na tena.

"Nimesikia," shangazi akasema, akitabasamu. "Saidia kufunika, baridi inaingia."