Kichwa Mikononi mwa Wifi

…lakini mbona amenyamaza ghafla, sasa hivi tu alikuwa anaongea vizuri, habari za harusi, habari za nani atakaa karibu na nani, kisha kimya, labda amenishtukia, labda nimejibu kitu vibaya bila kujua… hapana, anatafuta kitana, kumbe amekikalia, anajicheka mwenyewe na kuniambia inama kidogo wifi, nainama, kidevu kinagusa kifua, na sasa ninachokiona ni miguu yangu na sakafu ya saruji ya sebule yao na mafungu ya rasta yaliyopangwa juu ya gazeti, nusu ya kichwa imeshasukwa na nusu nyingine imesimama kama imepigwa shoti, hata nikitaka kukimbia nitakimbilia wapi na kichwa cha namna hii. Nimekaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, dada mtu akikushika hivi amekushika mzima mzima, na mikono yake ni ya unesi, miepesi, haivuti, kila akimaliza msuko mmoja anaupapasa kwa kidole gumba kama anayemtuliza mgonjwa, ndiyo maana aliposema saluni hupeleki kichwa chako wakati mimi nipo nilisema asante wifi, ingawa najua kusukwa ni mchana kutwa, na mchana kutwa ni maneno mengi. Chumba cha pili namsikia Waya akigonga ukuta, mchumba wangu, fundi umeme, jina la Waya walimpa wenzake kazini, wanasema ni la kazi lakini mimi najua ni la wembamba, anamhamishia mama yake swichi iliyokuwa nyuma ya kabati, gonga, kimya, gonga, toka huko basi, njoo ukae hapa karibu, njoo uingilie maneno kama unavyoingilia siku zote dada yako anapofika kwenye siasa, maana anakaribia kufika, nasikia anavyozunguka, ameshasema bei ya sukari, ameshasema barabara yao imechimbwa na kuachwa, bado hatua moja tu atawataja wenyewe, wale, hivyo ndivyo wanavyotuita hapa, wale, na mimi huinua kikombe nikajifanya chai ni ya moto. Ni Waya aliyenifundisha kunyamaza, siku ya kwanza ananileta hapa alisimama kwenye kona kabla ya kufika nyumbani, akanishika mkono, akasema ukiulizwa habari za mama yako sema ni mshonaji, inatosha. Na kweli ni mshonaji, sikudanganya, ana cherehani yake na wateja wake, ila mshonaji huyohuyo ndiye katibu wa tawi la chama kinachotawala, ndiye anayepanda gari la matangazo kila uchaguzi au mkutano ukikaribia na kuamsha mtaa mzima kwa kipaza sauti, nikamwambia Waya mbona wewe unajua na hujanikimbia, akasema mimi ni mimi na nyumbani ni nyumbani, wape muda wakuzoee kwanza. Nikawapa muda. Muda umekuwa mrefu, sasa tunapanga harusi na bado wananizoea, wahenga walisema mapenzi ni kikohozi hayafichiki, walisahau kusema kwamba chama nacho ni kikohozi, nami nimebanwa nacho kifuani kila Jumapili katika sebule hii, nameza, nameza… Anasema nini, anasema mdogo wao ameanza tena kupokea simu za watu za kutengeneza, kidogokidogo, ndiyo wifi nasema, nafurahi, na kweli nafurahi, maana yule shemeji yangu nampenda, kijana wa utani, alikuwa na kibanda chake cha kufungua simu, akaenda kwenye maandamano akarudi na mkono uliopigwa rungu, mkono wa kulia, vidole havikunjiki vizuri mpaka leo, wifi ndiye aliyekuwa akiusafisha na kuufunga bendeji, mikono hii hii iliyo kichwani mwangu. Mimi kazi yangu ni duka la miwani, nasaga vioo na kufunga fremu, skrubu ndogo nimezizoea, basi Jumapili nyingine shemeji huniletea simu aliyoshindwa kuifunga, tunakaa mlangoni penye mwanga, yeye ananielekeza na mimi naikaza skrubu, siku moja akasema shemeji ungekuwa na roho ya wale ungeniachia simu ipoteze skrubu zote, akacheka, nikacheka, nikaenda msalani nikafungua bomba ili nisisikike. Kwa sababu siku alipopigwa, Waya akiwa hajanileta hapa bado, nilikuwa kwetu, nimetoka kupokea simu ya Waya, habari ilikuwa redioni, na mama akasema bila kuinua macho kwenye kitambaa, na wao walifuata nini barabarani, niliacha chakula mezani nikaondoka, siku kadhaa sikuzungumza naye, akadhani nimechukuliwa akili na mwanamume, hata hivyo nilipokwenda tena aliniuliza, vilevile bila kuinua macho, mkono wa yule kijana unaendeleaje, akanipa mafuta ya kuchua nimpelekee, niseme nimeyanunua. Huyo ndiye mama, yote mawili ni yeye, utamweleza nani akuelewe… Waya nilijaribu kumweleza, usiku ule wa matokeo tuligombana mpaka jirani akagonga ukuta, yeye akisema watu wenu wameiba, mimi nikisema watu wetu akina nani, mimi nimeiba nini, akaondoka bila kuaga, kesho yake akaja dukani kwetu, akapanga foleni na wateja, zamu yake ilipofika akatoa miwani ya jua akasema naona giza tangu jana, bosi wangu akacheka hadi akakaa, na mimi nikayeyuka, mimi ni wa kuyeyuka, ndilo tatizo langu. Basi yule ndiye nimeamua kuolewa naye, na anayesema mapenzi hayana chama hajawahi kukaa kwenye kigoda hiki… Subiri. Hiyo ni nini. Ni muziki, mbali, kule mwanzo wa barabara, ngoma ya spika inakwaruza, isiwe hilo gari, jamani isiwe leo, magari ya matangazo ni mengi, kuna la sabuni, kuna la mganga wa meno, muziki unapungua ili mtu aongee, na kabla hajamaliza neno la kwanza ngozi yangu imeshajua, wananchi wa mtaa huu, mkutano mkubwa, kesho saa nane uwanja wa shule, njooni na watoto, ni yeye, ile namna yake ya kulivuta neno wananchi kama anakunja pindo, ni mama, mama yangu anapita nje ya dirisha la wakwe zangu, na mimi nimeinama hapa katikati ya magoti kama mwizi aliyefichwa uvunguni, nimebana pumzi, kana kwamba nikipumua atanisikia juu ya kelele zote zile, na kugonga ukutani kumekoma, Waya naye amesikia, hatoki, kwa nini hatoki, na mikono ya wifi inaendelea tu, anagawa nywele, anashika rasta, anasuka, gari linapita taratibu, sauti inakwama kwenye koo na kukohoa, inaendelea, inakwenda, imefika kwa jirani, imefika konani, na wifi anasema, kwa sauti ileile aliyoniulizia kama nataka maji:

"Mama yako leo sauti imemkauka. Angetafuta asali."

Sijasikia vizuri. Nimesikia vizuri. Naona miguu yangu, vidole vyangu vya miguu vimekunjamana vyenyewe, na yeye anacheka kidogo, kicheko kizuri, hakina sumu, anasema usishtuke wifi, kwani ulidhani hatujui, tunajua tangu mwanzo, Waya alitueleza yote kabla hujakanyaga hapa, mama alikataa kabisa, alisema mtoto wa wale hapiti mlango huu baada ya yaliyompata kijana wetu, lakini Waya akatuambia wewe ni mtu mwingine, kwamba ulishamwambia mama yako usoni hutaki kusikia habari za chama chake, kwamba hata kwenu hukanyagi, umechagua upande wa haki, na mama akasema basi binti mwenye msimamo namna hiyo ni wa kwetu, mdogo wetu naye alilia siku ile, alisema huyo amemwacha mama yake kwa ajili ya mkono wangu… anaendelea, anasema tuliona tusikutajie, tusikutoneshe kidonda, na mimi siyasikii tena maneno, nayasikia mengine, ya zamani, yanarudi moja moja na kila moja sasa lina maana yake, ndiyo maana Waya alisema siku ya posa mama yako ana shughuli nyingi tumwite mjomba tu asimame badala yake, ndiyo maana alisema harusi iwe ndogo, watu wa karibu, ndiyo maana mama mkwe alinishika mashavu bila sababu akaniita jasiri, nilidhani ananisifu kwa kula pilipili, ndiyo maana nikisema Jumamosi nakwenda kwetu Waya huniambia ukifika huku usiseme. Kumbe siri ilikuwa yangu peke yangu. Wote walikuwa wanajua na mimi ndiye niliyekuwa nimefichwa, wanampenda binti aliyemkana mama yake, wanamwekea chai, wanamsuka, na huyo binti hayupo, amebuniwa na fundi umeme kwa sababu aliogopa kusimama mbele ya mama yake na kusema huyu ni wa wale na nampenda hivyohivyo. Ungesema, Waya. Wangekataa, wangelia, mama yako angefunga mlango, tungekaa nje pamoja kwenye kizingiti, mimi ningekaa, unajua ningekaa. Na mimi je, mimi niliyekubali ushonaji uwe jina zima la mama, si ndiye niliyekukatia kitambaa ukashona uongo huu… Baba alipofariki ni wanawake wa tawi waliokuja, walipika, waliosha vyombo vyetu, waliniogesha na kunisuka maana mama alikuwa hawezi kuinuka, hawakuniuliza nina msimamo gani, nilikuwa mtoto mwenye kamasi, na nilipofika kwenye sanduku la kura mara hii nilisimama muda mrefu, nikaukumbuka mkono wa shemeji, nikaikumbuka hotuba ya uongo ya chama kuhusu barabara ya hapa, na bado nikaweka alama kwa kina mama wale, sijui kama ni haki, sijui, lakini ndivyo nilivyofanya na mkono ulikuwa wangu. Kule ukutani bado kimya. Waya amesimama na nyundo mkononi, najua, anasikiliza kama nitalindwa na uongo wake au nitauvunja, na ningeweza kabisa kunyamaza, ni rahisi, kichwa kimeshainama chenyewe, wifi hata hasubiri jibu, anatafuta rasta nyingine, kesho tungeendelea na nguo za wasindikizaji, na mwakani, na watoto wakizaliwa wataambiwa bibi yenu ni nani… Sauti inayotoka ni ndogo, kavu, kumbe na mimi nakauka kama mama.

"Wifi, mama sijamkana. Jumamosi nilikuwa kwake. Na kura yangu niliwapa."

Mikono inasimama. Nahesabu pumzi zake juu ya utosi wangu, sioni uso, naona gazeti, rasta, saruji, nyuma ya ukuta kitu cha chuma kinawekwa chini polepole, na hakuna anayekuja, nje mtoto wa mtu anaigiza wananchi, wananchi, anacheka. Kisha vidole vinarudi. Vinagawa nywele, vinashika, vinavuta, na safari hii si vya unesi, vinavuta mpaka jicho linanitoka chozi na ngozi ya paji la uso inapanda, naacha avute, sisemi taratibu, sisemi pole, maana tangu niingie nyumba hii nilikuwa nikipapaswa kwa niaba ya mtu mwingine, na huu uchungu, msuko kwa msuko, ndio kitu cha kwanza walichonipa mimi.