Pipa la Mabaki

Baada ya kiharusi, mkono wa kulia wa mfinyanzi mzee ulibaki kutetemeka, na vibakuli alivyofinyanga vilitoka mdomo huku, kitako kule. Binti yake, ambaye sasa ndiye aliyeishika karakana, hakuwa na ubavu wa kumwambia. Mzee akishakwenda kupumzika mchana, binti alivichukua vibakuli vikavu ambavyo havijaingia tanuri, akavitumbukiza kwenye pipa la mabaki pamoja na vipande vingine vya udongo. Siku mbili tu, vyote uji. Aliuchuja, akautandaza kwenye turubai ushikane, kisha akampelekea mzee udongo ule ule aufinyange upya.

"Vile vya juzi viko wapi?" mzee aliuliza.

"Vimenunuliwa, baba. Mama mmoja kavikomba vyote, na kaulizia vingine."

Mzee alichanua uso. Binti alikuwa anampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na tusidanganyane, haikuwa huruma tupu. Alipokuwa msichana, baba huyu hakuwa na mswalie mtume. Chombo kikiwa na kasoro ya ukucha tu, kilikwenda pipani mbele ya wateja, naye akaambiwa, "Anza upya." Alilia mpaka kwikwi. Sasa pipa lilikuwa lake, na kila alipolifunika alihisi raha ambayo asingethubutu kumwambia mtu.

Wiki ile kazi zilimwelemea. Akauchota uji bila kuuchuja, akaukausha juujuu, akampelekea mzee asubuhi.

"Baba, shati lako halina kifungo hapa mkononi," alisema huku akimfunga aproni. "Umekiangusha wapi?"

"Kipo," mzee alijibu. "Kitarudi."

Akaanza kukanda, mkono mzima ukifanya kazi, ule mbovu ukisindikiza. Binti alikuwa anapanga vikombe rafuni aliposikia meza imenyamaza. Akageuka. Mzee alikuwa anachokoa donge kwa ukucha, taratibu, mpaka akakitoa kifungo cheupe cha matundu manne, kimejaa tope.

"Nilikizika kwenye kitako cha bakuli," alisema. "Lile alilonunua yule mama."

Binti alikirudisha kikombe mezani. "Baba, mimi... sikutaka uumie."

"Uongo. Ulitaka kidogo."

Mzee alikifuta kifungo kwenye aproni, akamwekea kiganjani. Vidole vyake vilivyotetemeka vikamgonga mara mbili, tatu.

"Vyako mimi nilivitupa unaniona," alisema. "Ulilia, lakini ulijua pa kurekebisha. Mimi nimekaa hapa miezi minne najiona fundi."

Akalisukuma donge mbali, akamgeuzia mgongo.

"Nifungue hii aproni."

Fundo binti alilifunga mwenyewe asubuhi ile ile, na sasa lilimshinda kufungua.