Asali Chini ya Vibonye

Nilipobandua kibonye cha M kwenye laptop ya Anastasia, sisimizi mmoja alichungulia, akasita, kama mtu anayetoka dukani akakuta mvua. Nyuma yake wakafuata wenzake. Watu waliojaa kwenye benchi langu wakainuka wote kutazama, na benchi hilo halijawahi kubaki tupu tangu nifungue kibanda cha ufundi hapa Manyoni.

"Anastasia," nilisema, "na hawa sisimizi nimekuwekea mimi?"

Hasira ile nilikuwa nimelala nayo siku tatu. Wiki iliyotangulia nilimbadilishia tundu la chaji la laptop yake, tukacheka, tukamsengenya jirani mpaka chai ikapoa, akaenda zake. Kisha vibonye vikagoma. Hakuja kwangu. Alikwenda kusimama kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mbele ya wanawake ambao nusu yao wamekula kwangu, akasema: "Scola kaninyofolea kibodi yangu nzima, kaniwekea kimeo."

Mimi sina cheti cha chuo. Nina jina tu. Likichafuka, nafunga kibanda. Na umbea naupenda, sikatai. Lakini huo wa kunihusu niliusikia kwa muuza vitunguu, wa mwisho mji mzima, kama mke wa mzinzi.

Nikampigia. "Njoo na laptop. Njoo na mumeo. Njoo na kila uliyemwambia."

Wakaja wote, na ndio hao walioshuhudia sisimizi. Nilichomoa betri, nikafungua skrubu, nikainyanyua kibodi kwa ncha ya bisibisi. Ilivuta nyuzi za kahawia. Harufu ikajaa kibandani: asali iliyochacha.

Nathan, mumewe, mfuga nyuki, akaanza kujikuna kisogo.

"Shemeji, ndoo ya asali ilikuwa inafura, mfuniko unanyanyuka. Nikatafuta kitu kizito, bapa, cha kuugandamiza."

"Kwani mawe yameisha Manyoni?" mtu akauliza. Benchi likaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Nilisugua kwa spiriti na mswaki, kibonye kimoja kimoja, nikingoja neno moja tu kutoka kwa yule mwanamke. Nikaianika mpaka ikakauka, nikarudishia kila kitu, nikawasha. Herufi zikatii.

"Haya, si inafanya kazi?" Anastasia akasema. "Yameisha."

"Hayajaisha. Sema mbele ya hawa hawa, kwamba sikukuibia."

Akaifunga laptop, akaibana kwapani.

"Mbona unapenda kukuza mambo, dada?"

Akaondoka. Nathan alinyanyua mkono nusu, kama anayetaka kuaga, akaushusha.

Watu walikwenda kusimulia, tena kwa mbwembwe. Walisimulia sisimizi, wakasimulia ndoo, wakamwigiza Nathan anavyojikuna. Utamu ulikuwa huko. Kwamba Scola hakuiba, hilo halikuchekesha mtu, wakaliacha njiani.

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja mgeni na simu iliyopasuka kioo. Akasalimia vizuri, akakaa, akasimuliwa kisa chote na watu wa benchi, akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu, kabla ya kunikabidhi simu, alichomoa laini, akachomoa na memori kadi, akavifunga kwenye pindo la khanga.

"Si kwa ubaya, fundi."

Nilimsogezea kigoda karibu kabisa, aitazame mikono yangu.