Mlima Sekenke kwa Gia ya Pili

Ungetaka kumchoka Pradeep, mwenye duka wa Shelui, ungepanda naye gari mara moja tu. Gari lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, na kabla hujafunga mlango mwenyewe alikuwa ameshaanza: silinda nne, cc elfu moja na mia moja, silinda hedi ya aluminiamu, kabureta moja, maji lita tano na ushei. Ukimwuliza habari za nyumbani alikujibu habari za injini. Magonjwa ya gari hilo nayo aliyajua yote. Petroli ilikuwa na tabia ya kuchemka bombani jua likiwa kali. Maji ya visima vya Shelui yana chumvi, na chumvi hiyo ilikuwa imeganda ndani ya rejeta mpaka maji yakawa yanapita kwa kujipenyeza. Na hedi ya aluminiamu ikizidiwa na joto hupinda, gasketi ikaungua, na hapo huna injini tena, una chuma chakavu.

Kwa hiyo alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Mshale wa joto ukigusa nyekundu, zima gari, shuka, ngoja ipoe. Lalita, mkewe, aliisikia sheria hiyo kila Jumapili kule mbugani, alikofundishwa kuendesha kwa makelele mengi na sifa kidogo. Mlimani hakuwahi kuruhusiwa kupeleka gari. Pradeep alisema mkono wake mzito kwenye gia.

Asubuhi ile Lalita ndiye aliyeshika usukani. Pradeep alikuwa amelala kiti cha nyuma, magoti ameyakunja, kichwa kimelala mapajani mwa nesi Klara wa zahanati. Tumbo lilikuwa limemshika tangu jana yake. Klara alimbonyeza chini upande wa kulia, akamwachia ghafla, akaona mtu mzima anavyoruka kitandani, akasema hiki ni kidole tumbo, na dawa yake ni kisu cha daktari kule Kiomboi. Lori za pale zote zilikuwa zimechukuliwa kuhamisha watu kwenda vijiji vipya, na madereva wamekwenda nazo. Likabaki gari dogo, akabaki Lalita, na mbele yao ukabaki mlima Sekenke.

Tambarare waliimaliza vizuri. Pradeep aliuma meno kwenye kila shimo, na baina ya shimo na shimo alitoa amri. Punguza moto. Usikanyage klachi bila sababu. Sikiliza, hiyo plagi moja inakosa. Lalita alijibu ndiyo, ndiyo, na safari hii hakuchukia hata kidogo. Mtu anayelalamikia plagi bado yuko hai.

Barabara ilipoanza kupanda, alirudisha gia ya pili na injini ikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Mawe madogo yaliruka chini ya tairi. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa tupu na vilele vya miti huko chini. Kwenye kona ya kwanza tu mshale uliondoka katikati. Kwenye ya tatu ulikuwa umekaribia nyekundu, na viganja vya Lalita vimelowa jasho mpaka usukani unateleza.

"Mshale uko wapi?" Pradeep akauliza kutoka nyuma.

"Katikati," Lalita akasema.

Alikuwa hajawahi kumdanganya mumewe juu ya gari. Juu ya bei ya sari, labda. Alingoja akemewe, lakini Pradeep alinyamaza.

Kona iliyofuata injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikafa. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu kama ng'ombe aliyekataa jembe. Lalita alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, Klara akaruka nje na kusukumia jiwe nyuma ya tairi.

"Ni petroli tu," Pradeep akasema kwa sauti ya chini. "Imechemka bombani. Lowesha kitambaa, ufunge kwenye pampu. Halafu ngojeni. Msiwashe mpaka boneti igusike kwa mkono."

Lalita alichana upande wa khanga ya kufunikia mgonjwa, akaulowesha kwa maji ya kunywa, akaufunga pale alipoelekezwa. Maji yalitoa mvuke papo hapo. Rejeta ilikuwa ikichemka ndani kwa ndani, na yeye hakuthubutu kugusa kifuniko chake. Jua lilikuwa limepanda. Boneti ile isingegusika leo wala kesho, hivyo ndivyo alivyoona yeye.

Aliporudi dirishani alimkuta Pradeep ameyanyoosha magoti. Uso umelegea.

"Maumivu yamekwisha," akamwambia mkewe. "Yamekatika ghafla. Naona nafuu."

Lalita alishukuru Mungu kwa sauti. Akageuka amwambie Klara wamepona, akauona uso wa Klara. Nesi alikuwa ameweka kiganja juu ya tumbo la mgonjwa na hakiondoi. Alishuka, akamvuta Lalita mpaka nyuma ya gari.

"Mama Gita, hiyo si nafuu," akasema. "Kimepasuka. Tumbo limekuwa gumu kama ubao. Usaha sasa unatembea ndani. Tukikaa hapa kungoja injini ipoe, tutamzika."

Lalita aliuangalia mlima uliobaki. Aliliangalia gari, na akamwona Pradeep wa kila Jumapili akilifuta vumbi kwa shuka laini kuliko ile aliyolalia mwenyewe. Aliogopa. Aliogopa gari kumfia njiani, aliogopa kumkosa mume, na jambo la aibu ni kwamba aliogopa pia kugombezwa. Kisha akapiga moyo konde, akaingia, akakanyaga moto mpaka chini bila kupampu, kama alivyofundishwa kuwasha injini yenye joto. Iliwaka kwa kutetemeka. Klara akaondoa jiwe, akajitupa ndani gari likiwa limeshaanza kwenda.

Nyuma kimya. Lalita alimtazama kwenye kioo, akamwona amefumba macho na midomo imekauka. Ukimya ule ulimtisha kuliko mlio wa injini. Angetoa chochote asikie japo tusi moja juu ya klachi.

Alikumbuka hita. Gari lilikuja na kifaa cha kupasha watu joto, kitu cha nchi za baridi, na kila aliyekiona Shelui alikicheka. Lakini Pradeep aliwahi kueleza kwamba hita huchota joto palepale kwenye maji ya injini. Akaifungua yote. Hewa ya moto ikawapiga usoni, Klara akaanza kumpepea mgonjwa kwa ukurasa wa gazeti. Ndani pakawa tanuri la matofali. Mshale ulishuka unene wa ukucha, ukakaa hapo kona mbili, halafu ukapanda tena, safari hii moja kwa moja mpaka kwenye nyekundu.

Lalita hakuzima.

Injini ilianza kugonga, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa kijiko. Alikanyaga moto zaidi. Harufu ya oili iliyoungua iliingia ndani. Kisha kikatoka kishindo kidogo, nguvu zikapungua nusu, na kwenye kioo akaona moshi mweupe wa mvuke ukitanda nyuma yao barabara nzima. Alijua ni nini. Alikuwa ameambiwa mara nyingi mno, asingeweza kutojua. Gasketi imekwenda, na maji sasa yanaingia kwenye silinda. Alilia huku anaendesha, machozi na jasho vikichanganyika, na akaisihi injini kwa Kigujarati, akaiita mwanangu, twende mwanangu, kidogo tu.

Walifika juu kwa mwendo wa mtu anayetembea. Misigiri ilipoonekana, chuma kilipiga kelele ndani, magurudumu ya nyuma yakajifunga, na gari likaburuzika na kusimama katikati ya barabara. Halikuwaka tena siku ile wala siku nyingine.

Bahati yao, shamba la kijiji lilikuwa pembeni pale na trekta linalima. Klara alikimbia mbele ya trekta na mikono juu. Dereva, mzee mmoja aitwaye Simeoni, aliitikia shikamoo yake, akasikiliza maneno machache, akafungua jembe akaliacha kwenye tuta, akaleta mnyororo. Lalita alibaki kwenye usukani wa gari lililokufa, akivutwa, akila vumbi la trekta mpaka geti la hospitali ya Kiomboi. Daktari alimfunua Pradeep tumbo mara moja, akamwingiza kwenye chumba cha upasuaji. Baadaye alitoka akawaambia kwamba wangechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya.

Homa ilipomwachia, Pradeep aliomba maji, akauliza habari za mtoto wao Gita shuleni, akauliza nani anauza duka. Habari za injini hakuuliza. Lalita alikaa kando ya kitanda akingoja swali hilo kama mshtakiwa, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Injini imekufa," akasema kwa lugha yao. "Nimeiua mimi. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu na sikuzima."

"Najua."

"Nani amekuambia?"

"Nilikuwa macho." Alipumzika kidogo, kuongea kulimuumiza mshono. "Uliposema uko katikati nilijua uko juu. Ulivyofungua hita nilijua. Pistoni zikigonga nilizisikia moja moja, na gasketi niliisikia ikiondoka."

Lalita alikumbuka kile kioo na yale macho yaliyofumbwa. Hasira ilimpanda, kwa sababu alikuwa ameshaanza kumwomboleza kule mlimani.

"Mbona hukusema hata neno moja?"

Pradeep aligeuza uso upande wa ukuta, na machozi yakamtoka bila kuyafuta.

"Nilitaka kuishi, Lalita. Ningefungua kinywa ningekuambia zima. Na wewe ungezima."

Lalita alitaka kubisha. Aliitazama mikono yake iliyotoka malengelenge ya usukani, na akaona wazi kwamba ni kweli, angezima.