Mkasi wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani alikuwa amechoka kuburutwa hospitalini. Miguu yake ilikufa ganzi kwa sababu ya sukari, na hilo nyumba nzima ililijua. Bado binti yake aling'ang'ania apimwe mishipa ya fahamu kwa umeme.

"Hicho kipimo kitabadilisha dawa?" fundi alimuuliza daktari.

"Kwa miguu, hapana, mzee."

"Basi mnipige shoti mnieleze ninachokijua?"

"Baba, mweleze na habari ya mkasi," binti alidakia. "Daktari, mkasi unamponyoka kila mara kwenye mkono wa kulia."

Fundi alimkata jicho. Mkono ule ndio uliomlisha, na alikuwa ameficha udhaifu wake.

"Mkono mmoja ni habari nyingine," daktari alisema. "Huenda mshipa umebanwa, na tukiuona kwa kipimo hiki tunaweza kuuondolea mbano huo."

Fundi alisonya, akakunja mkono wa shati. "Haya, pimeni huu. Miguu niachieni mwenyewe."